Mwaka Tuliofufua Pikapu ya Marehemu

Mwezi uliopita nilisimama ufukweni Kibirizi saa nne asubuhi, katikati ya wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa juani, nikimsubiri mzee mmoja ashuke kwenye boti la kutoka Kagunga. Binti yake alikuwa amenipigia simu kutoka Burundi: baba anataka kuwasalimia watu wa Ujiji kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Boti likaegemea, wapagazi wakaingia majini mpaka mapajani, na mmoja wao akambeba mgongoni mzee mwembamba aliyevaa koti la suti. Alipotuliwa mchangani nilimwamkia, akanijibu marahaba, akanitazama juu mpaka chini, kisha akauliza swali lililokuwa likimwasha tangu ng'ambo. "Tausi, umekuja na gari gani?" Nikamwambia nimekuja na bajaji. Leonidasi, ndilo jina lake, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba, na mimi nikacheka mpaka mama mmoja wa dagaa akageuka kunitazama. Njiani aliniuliza habari za pikapu, nikamweleza ukweli: shangazi alipofariki tuliiuza kwa mkulima wa kahawa kule Kalinzi, na mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa na injini nyingine kabisa, lakini inapanda milima. Tukafika Mwanga. Halafu akaanza kucheka peke yake, na nikajua anakumbuka kilekile ninachokumbuka mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimekosa nafasi ya chuo cha ualimu, na nilikuwa nakaa Ujiji kwa shangazi yangu Mwamvua, nikimsaidia kuuza mawese. Nyumba yake ilikuwa na ukumbi mrefu wenye giza hata mchana, na harufu ya mawese ilikuwa imeingia kwenye kuta, kwenye mapazia, hata kwenye kurasa za vitabu vyangu vya shule. Ukitoka mlango wa nyuma ulikuwa unapokelewa na mwanga mkali wa uani, jiko la kuni upande wa kushoto, mapipa ya mawese upande wa kulia, na katikati, chini ya mchikichi, pikapu ya marehemu mume wake. Ilikuwa pikapu ya Kiingereza ya zamani, yenye boneti la mviringo na taa mbili zilizokaa mbalimbali kama macho ya kenge. Tairi zilikuwa zimezama ardhini. Bodi ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiangalia kwa juu unaona majani yaliyoota chini yake. Shangazi alianika nguo juu ya boneti, na ndani, kwenye kiti cha dereva, kuku mmoja mweusi alikuwa na kawaida ya kutaga. Kila asubuhi nilifungua mlango wa gari kuchukua yai. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki kwa lile gari.

Mzee Rajabu, mdogo wa marehemu, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala kunywa chai, na kila Ijumaa alisema maneno yaleyale. "Shemeji, wenye lori la chuma chakavu watapita baada ya masika. Waachie hili dude." Shangazi naye alimjibu kwamba dude halili wala halinywi. Nilikuwa nadhani mzee ana tamaa. Siku moja nikiwa ukumbini nikichambua mchele, niliwasikia wakizungumza uani kwa sauti ya chini, na Mzee Rajabu akasema, "Mwamvua, mimi kila nikiingia humu naona kaburi la pili la kaka yangu. La kwanza tulilifukia. Hili linanitazama." Nikasikia kijiko cha shangazi kikizunguka kikombeni. Baadaye kidogo nikamsikia akisema sawa, wakipita baada ya masika walichukue.

Leonidasi alikuja wiki hiyohiyo kununua mawese. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa makamo wakati ule, anayetengeneza baiskeli pembeni ya soko, lakini kwao alikuwa fundi wa malori. Aliweka dumu lake chini, akaiona pikapu, na mawese akayasahau. Akaizunguka mara mbili. Akapiga magoti, akaingia chini yake na shati lake jeupe, na tukabaki tunatazama miguu. Sauti ikatoka kule chini: "Mama, chesesi ni nzima! Mifupa yake haijaoza!" Alipotoka alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakilamba kidogo kwa ncha ya ulimi. "Hii moteri haikufa kwa ugonjwa," akasema, akiigonga injini. "Iliachwa tu. Ilikuwa inakwenda siku walipoiacha, ama sivyo?" Shangazi, aliyekuwa ameshika mizani, akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, mumewe aliiendesha mpaka siku moja kabla ya kufariki.

Sijui ni nini kilichoniingia. Nilijikuta nikisema, "Mimi nitakusaidia." Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa sijawahi kushika spana maishani. Lakini nilikuwa nimekaa miezi mitatu nikipima mawese na kusikia watu wakiniuliza mambo ya chuo yameishia wapi, na pale mbele yangu palikuwa na mtu aliyelamba oili akatabasamu. Nilitaka na mimi nijue ameonja nini.

Alianza na injini, kwa sababu alisema bila hiyo mengine yote ni mapambo. Pistoni zilikuwa zimekamata. Shangazi alijitolea mawese ya kulainisha, na Leonidasi akacheka mpaka akakaa chini. "Oya, mama, hapana! Mawese tule sisi. Hii tutainywesha mafuta ya taa na oili." Tukachomoa plagi nne, tukamimina mchanganyiko wake kwenye kila tundu, na tukasubiri siku kumi. Kila asubuhi nilipokwenda kuchukua yai nilijaribu kuzungusha hendeli ya mbele ya kuwashia injini, na kila asubuhi ilikuwa kama nimeshika nguzo ya umeme. Siku ya tisa ikasogea. Kidogo sana, labda upana wa kidole, lakini ilisogea, na nilipiga kelele hadi kuku akaruka kupitia dirishani na shangazi akatoka jikoni na mwiko akidhani nimeumwa na nyoka. Leonidasi alipokuja jioni nilikuwa nimeshaizungusha mzunguko mzima na viganja vimechubuka. Hakunisifu. Alinionyesha jinsi ya kushika hendeli kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, ili siku ikirudi nyuma kwa nguvu isinivunje mkono. Akaniita mwalimu, kwa utani, na jina hilo likanibaki. Leo nafundisha ufundi wa magari, na vijana wangu wananiita hivyohivyo bila kujua kwamba aliyeanza alikuwa anatania.

Baada ya hapo uani paligeuka karakana. Nilijifunza kusafisha kabureta kwa mswaki, kupima kwa wembe pengo la pointi za kukatia umeme, kutofautisha kutu inayong'oka kwa msasa na kutu iliyokwisha kula chuma. Kuku tulimhamishia kwenye kikapu, akasusa kwa siku mbili. Nilishona viti kwa cherehani ya shangazi, turubai la kijani kwa nje na sufi kwa ndani, nikavunja sindano nne. Jioni tulipokuwa tumechoka, Leonidasi alinikalisha kwenye usukani wa gari lisilowaka, yeye akakaa pembeni na kufanya sauti ya injini kwa mdomo. Aliunguruma taratibu, akapandisha, akapandisha, kisha akasema, "Sasa, klachi, gia ya pili!" Nikikosea alikwaruza kwa koo sauti ya meno ya gia yakigongana, ya kutisha kabisa. Majirani waliokuja kuteka maji waliweka ndoo chini wakatutazama watu wazima wawili tukisafiri bila kusogea. Nilifika Kasulu mara nyingi kwa mtindo huo.

Chakula tulikula pamoja, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese mapya. Leonidasi alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa sauti ndogo huku akigonga sahani kwa kidole: "Rimwe, gatatu, kane, kabiri. Rimwe, gatatu, kane, kabiri." Shangazi yangu alikuwa Muha wa Ujiji, na namba za Kiha na za Kirundi ni zilezile, kwa hiyo alimcheka bila huruma. "Tausi, huyu fundi wako hata kuhesabu hajui. Moja, tatu, nne, mbili! Kwao shule ilikuwa hakuna?" Leonidasi alitabasamu, akameza tonge, akaendelea kugonga. Na mimi nilicheka kama shangazi. Nilidhani ni wimbo wa kwao.

Bodi ya nyuma ndiyo iliyotupa furaha kubwa kuliko zote. Bati la kuchomelea hatukuwa nalo, na shangazi akasema mbona mabwana wote wa mbao wako Kibirizi. Tukamwendea Kashindi, mtengeneza mitumbwi, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, ambaye hajawahi kutengeneza kitu kisichoelea. Akaja na mbao za mninga, akapiga kipimo kwa kamba, na kwa wiki mbili uani pakajaa maranda. Alikunja mbao kwa moto, akaziunga, akaziba kila mwanya kwa pamba iliyolowekwa mawese, akaigonga kwa patasi butu mpaka ikaingia ndani. Halafu akapaka rangi ya mitumbwi, bluu, na mstari mwekundu juu. Pikapu ikawa ya Kiingereza mbele na ya Kibirizi nyuma, na sijapata kuona gari zuri kama lile, hata leo. Kashindi akasimama, mikono kiunoni, akatangaza, "Hii haitavuja hata tone!"

Na kweli. Usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi tulikuta bata watatu wa shangazi wanaogelea ndani ya pikapu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni na hayakuwa na pa kutokea. Shangazi alicheka akaegemea mchikichi, akafuta machozi kwa khanga, akaanza tena. Leonidasi akasema tutoboe matundu. Kashindi alikataa kata kata. Alisema hajawahi kutoboa chombo chake na hataanza uzeeni. Ilibidi tumpe chai na maandazi, tumgeuze atazame upande wa jikoni, ndipo Leonidasi akatoboa matundu manne haraka haraka, na Kashindi kila aliposikia keekee ikilia alifumba macho.

Tulikuwa tumebakiza kidogo tu. Breki zilikuwa zimekamilika, radieta imezibwa, betri ya kuazima ilikuwa imeshaahidiwa na jirani mwenye redio kubwa. Leonidasi alikuwa amefungua distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi, kuisafisha, na nyaya zake nne alikuwa amezining'iniza kwenye kamba ya nguo. Ndipo likatoka tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini warudi kambini, na wamepewa siku mbili. Alikuja asubuhi akiwa na mke wake na mtoto mdogo wa kike mgongoni kwa mama, huyuhuyu aliyenipigia simu mwezi uliopita. Hakuwa na muda wa kukaa. Aliniwekea mkononi spana yake ndogo, ile aliyokuja nayo kutoka kwao. "Malizia, mwalimu," akasema. "Umebakiza nyaya na muda wa moto." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Ego, ndiyo, unaweza," akatoka. Shangazi aliwafuata mpaka barabarani na dumu la mawese, na mimi nilibaki uani nimeshika spana, nikilia kama mtoto, na gari likinitazama kama lilivyokuwa likimtazama Mzee Rajabu.

Masika yalikuwa yanakwisha. Kwa siku nne sikugusa kitu. Siku ya tano nikafunga nyaya. Nilizipanga kwa mpangilio ambao mtu yeyote aliyesoma angeupanga: moja, mbili, tatu, nne. Nikafunga betri, nikatia petroli, nikashika hendeli kama nilivyofundishwa, nikazungusha. Injini ikakohoa, ikapiga mlipuko kupitia kabureta na ulimi wa moto ukatoka, hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu ikanitupa chini. Jirani mmoja alikimbia na ndoo yake akidhani ni risasi. Kidole gumba kilisalimika, lakini kifundo cha mkono kilivimba. Nilijaribu tena siku ya pili, kwa mkono wa kushoto, mlipuko uleule. Mzee Rajabu alikuja Ijumaa ile, akautazama mkono wangu uliofungwa kitambaa, akasema kwa upole, "Mwanangu, inatosha. Wanakuja Jumatano."

Jumamosi mchana tulikaa mkekani, shangazi na mimi, sahani moja ya ugali kati yetu. Nilikuwa karibu kulishwa, maana mkono ulikuwa unauma. Shangazi alitaka kunichangamsha. "Angekuwepo Leonidasi hapa," akasema, "angekuwa anagonga sahani yangu sasa hivi. Rimwe, gatatu, kane, kabiri. Yule mtu hajui kuhesabu mpaka kesho."

Nilinyanyua kichwa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikasimama na ugali mkononi, sikunawa, nikakimbia uani. Silinda nne. Moto hauendi kwa foleni, unaruka! Moja, halafu tatu, halafu nne, halafu mbili. Alikuwa amenifundisha kila siku, mchana na jioni, na mimi nilikuwa nacheka. Nikachomoa nyaya mbili, nikazibadilisha, nikaangalia rota ya ndani ya distributa inazunguka upande gani, nikabadilisha ya tatu, ugali ukibaki kila nilipogusa. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu akiuliza nini, nini, we Tausi nini? Nikamwambia azungushe hendeli. Na shangazi yangu Mwamvua, mwanamke mnene wa miaka hamsini na ushee, akajifunga khanga kiunoni, akaweka kidole gumba upande mmoja na vingine, kwa sababu naye kumbe alikuwa akisikiliza siku zote, akazungusha mara moja. Ikawaka.

Sitasahau mtetemo ule. Bati lote lilitetemeka, vioo vikalia, moshi wa bluu ukajaa uani, bata wakatawanyika, na shangazi akapiga vigelegele vilivyovuka ukuta mpaka barabarani. Nilikaa kwenye kiti nilichokishona mwenyewe, mguu kwenye mafuta, nikipandisha na kushusha, nikiogopa nikiuondoa tu itazima na isiwake tena. Uani pakajaa watu. Kati yao nikamwona Mzee Rajabu mlangoni, kofia mkononi. Hakuingia. Alisimama akisikiliza, kisha akasogea ndani akakaa juu ya pipa la mawese. "Sauti ileile," akasema. "Sauti ileile ya kaka." Nilipofanikiwa kuzima na kuwasha tena mara tatu, akanisogelea dirishani, akajikohoza. Akauliza kama Ijumaa ijayo ningeweza kumpeleka msikitini. Na Ijumaa nilimpeleka, umbali wa kutupa jiwe, yeye mbele na kanzu yake iliyopigwa pasi, akiwapungia mkono watu aliokuwa akipishana nao kila siku kwa miguu. Lori la chuma chakavu lilipita Jumatano. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoka kuwaambia waende.

Nilikwenda kufanya mtihani wa udereva, askari akanizungusha mjini mara mbili na kunikosoa kwenye kurudi nyuma, lakini leseni nikaipata. Wiki iliyofuata shangazi aliamka alfajiri, akapakia madumu mawili ya mawese na kapu la dagaa nyuma, akakaa mbele na kushika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Hakuuachia mpaka tulipofika. Kambi ilikuwa upande wa Kasulu, na nje yake kulikuwa na soko ambalo wenyeji na wakimbizi waliuziana maharage, nguo, mihogo. Barabara ilikuwa nyekundu, ya mawe, milima kila mahali, na kila mlima tulioupanda shangazi alisema alhamdulillahi na kila mteremko alisema breki, Tausi, breki. Wapita njia walitusalimia kwa Kiha, mwidiwe, mwidiwe, na shangazi aliwajibu bila kugeuza shingo. Nilikuwa naimba. Sikumbuki niliimba nini.

Leonidasi alikuwa amekaa pembezoni mwa soko, ametupa mgongo, akibana tairi la baiskeli kati ya magoti. Nilitaka kumpigia honi, lakini honi haikuwa imetengenezwa. Sikuhitaji. Tulikuwa bado hatua hamsini nilipomwona anainua kichwa, kwanza kichwa tu, bila kugeuka. Akaachia tairi. Akageuka na kusimama, na huku watu wanapisha akaja kwetu mbio, akipunga mkono mmoja hewani, akipiga kelele nikadhani ni za furaha, mpaka nilipoyasikia maneno.

"Vali ya tatu! Vali ya tatu inagonga! Huisikii?"

Alikuwa ameshafungua boneti kabla sijavuta breki ya mkono. Shangazi alishuka, akajifuta vumbi usoni, akamkaripia. "Leonidasi! Mtoto amekuja kutoka Ujiji kwa ajili yako. Msalimie kwanza!"

"Nasalimia, mama, nasalimia," akasema, sikio lake likiwa karibu kugusa injini. Akafungua kifuniko cha juu, oili ikamrukia shatini. Nikachukua ile spana yake ndogo nikampa. Hakuipokea. Alinirudishia mkono wangu, akauelekeza kwenye nati.

"Kaza wewe. Mimi nitasikiliza."

Nikakaza, robo mzunguko, halafu nusu ya robo, injini ikiwa inanguruma na watu wa soko wametuzunguka, wengine wakiwa na maharage yao kichwani. Ule mgongano ukapungua. Ukapungua tena. Kisha ukapotea, na ikabaki sauti moja laini, iliyokaza, ya silinda nne zinazopokezana bila kukosea. Leonidasi alisimama wima, macho kayafumba, oili ikimchuruzika kidevuni. Aliyafumbua, akafuta kiganja chake kwenye suruali, akaunyoosha mkono wote, ndipo akanisalimia.